Uwanja Nao Una Historia



Kamati ilipogawa kurasa za kijitabu hiki, wengine walipewa hisa, wengine mikopo, mimi nikapewa uwanja. Kuna waliocheka. Eti uwanja wa nyumba nao una historia? Unayo, na sehemu kubwa imefanywa na akina mama wenye fyekeo mkononi na mtoto mgongoni.

Tuanzie mbali kidogo. Wazee wetu hawakufyeka ili papendeze. Walifyeka kwa sababu ya ndorobo. Mdudu huyu anapenda kivuli, na jua likiwa kali anajificha vichakani. Akimuuma ng'ombe anaweza kumwachia nagana, akimuuma mtu anaweza kumwachia malale. Ukikata kichaka, hana pa kukaa. Njia hii ilijaribiwa kwa mapana kule Shinyanga katika miaka ya 1920, wakati Mwingereza Charles Swynnerton alipoongoza kazi ya kupambana na ndorobo Tanganyika, na Wasukuma wengi wakaitwa kukata pori kwa mikono yao. Huku kwetu pia pori lilikatwa kwa kazi ya pamoja wakati wa ukoloni. Wakati huo Hanang ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Mbulu. Tulikuja kuwa wilaya yetu baadaye, na Mkoa wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002. Pori lilipokatwa, Wairaqw waliokuwa wamebanana kule Kainam walipata nafasi ya kutoka na mifugo yao kwenda kwenye ardhi mpya.

Sasa hapa kuna jambo ambalo taarifa za wakubwa hulipita haraka. Pori lililokatwa linarudi. Kisiki kinachipua, na mvua mbili tatu zikinyesha kichaka kimesimama tena. Sehemu zilizobaki wazi ni zile ambazo watu walihamia, wakalima, wakachunga, wakafagia. Waliohesabiwa ni wanaume walioshika shoka. Aliyeng'oa chipukizi mlangoni kila wiki, mwaka baada ya mwaka, hakuna aliyemwandika.

Zamani, kwa kweli, uwanja haukuwa kazi kubwa hivyo. Katika boma la Mbarabaig, lenye uzio wake wa miiba, ng'ombe wenyewe walikanyaga nyasi zikaisha. Kwenye nyumba za Wairaqw za zamani, zile zilizochimbwa ubavuni mwa kilima, mbuzi walikula karibu na mlango. Mambo yalibadilika tulipohamishiwa vijijini. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote vijijini wawe wanaishi katika vijiji, na Hanang haikuachwa nyuma. Nyumba zikapangwa karibu karibu, mifugo ikasogezwa mbali. Kumbe ng'ombe akiondoka, nyasi zinabaki na mama! Na nyasi zako sasa zikawa nyoka wa jirani yako.

Mwaka huohuo wa 1973 ndipo ilipokuja kampeni ya Mtu ni Afya. Waliokuwa watu wazima wakati ule wanaikumbuka. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa vitabu na vipindi vya redio, na kwa majuma kumi na mawili watu walikaa kwa vikundi, wakasikiliza redio, wakasomewa kitabu, wakajadiliana, halafu wakainuka kwenda kufanya kazi. Watu wapatao milioni 2 walishiriki nchi nzima. Walifundishwa juu ya malaria, kichocho, safura, kuhara damu na kifua kikuu. Walichimba vyoo, wakafukia madimbwi, wakafyeka kuzunguka nyumba. Mimi naona kwamba vikundi vile ni shangazi wa vikundi vyetu vya leo: watu wachache wanaojuana, kitabu kimoja, na siku maalumu ya kukutana.

Ila tuseme ukweli. Wengi wetu tulibaki na imani kwamba ukifyeka nyasi umemaliza malaria. Sivyo. Mbu wa malaria anazaliana kwenye maji yaliyotuama. Nyasi zinampa kivuli tu. Uwanja unaweza kung'aa kama sahani, na kopo moja lenye maji ya mvua nyuma ya jiko likawa na viluwiluwi. Kwa hiyo fyekeo liende pamoja na kumwaga maji, na usiku chandarua.

Tarehe 9 Desemba 2015, siku ya Uhuru, gwaride liliahirishwa na nchi nzima ikaambiwa ifanye usafi, maana kipindupindu kilikuwa kimeingia. Baada ya hapo ikaja Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Amri ni nzuri kwa kuanzisha kazi. Lakini amri inaona barabara na soko. Haioni uwanja ulio nyuma ya nyumba ya mjane.

Na hapa nafika kwetu. Naeleza kwa ruhusa ya mwenyewe, bila jina.

Mwanachama mwenzetu alikosa vikao vitatu mfululizo, wakati wa masika. Katiba yetu iko wazi: usipohudhuria bila taarifa, faini. Tukamwandika mara tatu, tena wengine kwa kunung'unika kwamba amekimbia na mkopo. Kikao cha nne kilituma watu wawili wakamdai. Mimi nilikuwa mmoja wao, na daftari nilishika mimi.

Tulipofika hatukuuona mlango. Nyasi zilifika kiunoni. Ndulele zilikuwa zimeshatoa matunda karibu na dirisha, mbigili zimetambaa mpaka jikoni, na njia ya kwenda chooni ilikuwa imefungwa kabisa. Tulipiga hodi tukadhani amehama. Akaitika kutoka ndani, sauti ndogo. Alikuwa ameanguka akitoka kuteka maji, nyonga ikaumia, na wanawe wako mbali kikazi. Tukamuuliza, "Mama, mbona hukutuma mtu?" Akajibu, "Nitawaitaje watu uwanja ukiwa hivi? Niliona aibu."

Daftari nililificha chini ya khanga. Hatukumtajia deni.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kumi na wanne, na vijana watatu. Tulianza kwa kupiga ardhi kwa fimbo ndefu ili nyoka waondoke, tukafyeka tukitoka mlangoni kwenda nje, siyo kutoka nje kwenda mlangoni, maana ukianza nje unamsukuma nyoka ndani. Ndulele na mbigili tuling'oa na mizizi. Nyasi safi walipewa ng'ombe wa jirani, zilizobaki zikaenda shimoni kuwa mbolea. Hatukuchoma, kwa sababu ya upepo wetu huu na mabua yaliyokuwa karibu. Saa nane njia ya choo ilikuwa wazi, na yeye amekaa kwenye kigoda nje, anatuelekeza mti gani tusiukate.

Ugomvi ulikuja kikaoni. Wapo waliosema faini ibaki, katiba ni katiba. Wapo waliosema tumuombe radhi. Tulibishana mpaka jioni, na mweka hazina aligoma kufungua sanduku. Mwisho tulipiga kura: faini zile tatu zifutwe, na kuanzia siku hiyo asiandikwe mtu faini ya utoro kabla wenzake wawili hawajafika nyumbani kwake. Kifungu hicho ndicho pekee katika katiba yetu kilichotoka uwanjani.

Tangu hapo tunazunguka. Masika yakikolea, kila Jumamosi uwanja mmoja, tukianza na wagonjwa, wazazi na wazee. Mafyekeo mawili na reki tulinunua kwa fedha za mfuko wa jamii.

Tumekosea pia. Mwanzoni tulikwangua hadi udongo mtupu, tukajisifu. Kwenye nyumba moja ya mteremkoni mvua ikachimba mfereji mpaka kwenye msingi. Siku hizi upande wa chini tunaacha ukanda wa nyasi fupi kushika udongo, hata kama mpita njia atasema hatukumaliza kazi. Maafa ya Katesh ya tarehe 3 Desemba 2023, tope lilipoporomoka kutoka mlima Hanang na kuua watu zaidi ya 80, hayakutokana na fagio la mtu, na sitaki yachanganywe na habari hizi. Ila tangu siku ile hakuna kwetu anayecheka ukimuuliza maji ya uwanja wake yanaelekea wapi.

Mama yule sasa anatembea kwa mkongojo. Kufyeka hawezi, kwa hiyo amepewa daftari la zamu; yeye ndiye anayepanga Jumamosi hii tuko kwa nani. Mafyekeo yanalala kwake, na ukirudisha lako likiwa na tope atakurudisha nalo mtoni.