Madaktari wa Meno Waliotangulia Kupima Mionzi

Januari 1896, wiki chache baada ya Wilhelm Röntgen kutangaza ugunduzi wake wa mionzi ya eksirei, daktari wa meno Otto Walkhoff wa Braunschweig, Ujerumani, alitia bamba la picha kinywani mwake, akatulia mbele ya mionzi kwa dakika 25. Picha ya meno ikapatikana. Kama dakika hizo zilikuwa nyingi au chache, hapakuwa na kanuni ya kuamua.

Huko New Orleans, Marekani, daktari wa meno Edmund Kells alizoea kurekebisha mashine yake kwa kuweka mkono kwenye mionzi mpaka mifupa ionekane vizuri. Saratani ilianzia vidoleni. Akafanyiwa upasuaji mara nyingi, akakatwa vidole, kisha mkono, na mwaka 1928 akajiua.

Onyo lilikuwa limetolewa mapema. Mwaka 1901 William Rollins, daktari wa meno wa Boston, aliwaweka simbilisi ndani ya kisanduku kilichozuia umeme usiwafikie, akawamulika eksirei. Walikufa, na waliosema kinachodhuru ni umeme wakaishiwa hoja. Rollins alihimiza mashine zifunikwe kwa madini ya risasi na mgonjwa amulikwe pale tu panapohitajika. Mwaka uliofuata alipendekeza kipimo: bamba la picha likikaa dakika 7 bila kuingia ukungu, mionzi iliyopo si ya kudhuru. Wachache walimsikiliza.

Mwaka 1925 mwanafizikia Arthur Mutscheller alianzia kwenye dozi inayoifanya ngozi iwe nyekundu, akashauri mfanyakazi asipokee zaidi ya sehemu moja ya mia ya dozi hiyo kwa mwezi. Kamati ya kimataifa iliyoundwa Stockholm mwaka 1928 ilipendekeza, mwaka 1934, kikomo cha rontgen (kizio cha mionzi) 0.2 kwa siku. Baadaye utafiti juu ya urithi na juu ya manusura wa mabomu ya atomiki ya Hiroshima na Nagasaki uliitia shaka imani kwamba dozi ndogo haidhuru kabisa. Kufikia 1977 kanuni ilikuwa nyingine: mionzi itumike kwa sababu ya kutosha, na dozi iwe ndogo kadiri inavyowezekana.

Kwa kanuni hiyo mgonjwa wa meno hakuwekewa kikomo kama cha mfanyakazi, bali kiwango cha kulinganishia. Dozi za kliniki nyingi hupimwa, na kwa kawaida kiwango huwekwa pale ambapo robo tatu ya kliniki hazikizidi. Kliniki inayokizidi kila mara hutakiwa kuchunguza filamu, mashine na muda wa kumulika. Vifaa vikiboreka, kiwango hushushwa.

Hata hivyo kiwango hicho hakihalalishi picha isiyohitajika. Kabla ya kufungua kinywa, muulize daktari anatafuta nini.