Kitrekta cha nyasi kikigoma, anzia kwenye betri

MVUA ya masika hustawisha nyasi kwa kasi, na ndipo wasimamizi wa shule, hoteli na viwanja vya gofu hutoa ghalani mashine za kukata nyasi ambazo dereva huketi juu yake. Aghalabu vitrekta hivi huwa vimelala kwa majuma kadhaa. Ufunguo ukizungushwa, injini haitikisiki.

Ni muhimu kutofautisha hitilafu mbili ambazo wengi huzichanganya. Injini inayozungushwa na stata lakini isiyowaka huenda ina kasoro ya mafuta, hewa au plagi. Ile isiyozunguka kabisa ni jambo tofauti: ama umeme haufiki kwenye stata, ama stata imeharibika, ama injini yenyewe imekwama. Anayekimbilia kufungua kabureta hapa anapoteza wakati wake.

Kabla ya ukaguzi, egesha mashine mahali tambarare, funga breki, zima visu na uchomoe waya wa plagi ili injini isije ikawaka ghafla.

Kisha zungusha ufunguo na usikilize. Milio midogo ya haraka huashiria betri dhaifu au ncha chafu. Mlio mmoja mzito humaanisha solenoidi, yaani swichi kubwa inayopeleka umeme kwenye stata, imeitika lakini stata haizunguki. Kimya kitupu huelekeza kwenye betri iliyokwisha kabisa, fyuzi, swichi za usalama au swichi ya ufunguo.

Betri ndiyo mshukiwa wa kwanza. Ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha takriban 12.6 kwenye kipimo. Ikiwa chini ya 12, ichaji. Ikibaki kwenye 10.5 hata baada ya kuchajiwa, yamkini seli moja kati ya sita imekufa na yafaa kununua nyingine. Aidha, betri inayoonyesha 12.6 kisha ikaporomoka chini ya 9 ufunguo unapozungushwa, huenda imechoka.

Kagua pia ncha zake. Ukungu mweupe au wa kijani huzuia umeme. Fungua waya wa ncha hasi kwanza, sugua ncha zote kwa msasa, kisha uurudishe waya huo mwisho. Hakikisha kuwa waya unaotoka ncha hasi umekazwa barabara kwenye fremu, na uchunguze kama panya wametafuna nyaya.

Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zile zile, wala si kwa kipande cha waya. Ikiungua tena, kuna waya uliochubuka unaogusa chuma.

Hatua inayofuata ni swichi za usalama. Mashine nyingi hazikubali kuwaka mpaka kanyagio la breki likanyagwe na visu vizimwe. Nyingine hutaka pia dereva awe ameketi. Swichi iliyolegea, iliyojaa vumbi au iliyochomoka huikatia stata umeme.

Hapa ndipo hatari ilipo. Baadhi ya mafundi huunganisha nyaya za swichi ya kiti moja kwa moja ili kazi iendelee. Mashine huwaka, naam, lakini dereva akianguka au akishuka kuondoa jiwe, visu huendelea kuzunguka. Swichi ile iliwekwa kulinda miguu na mikono yake. Ikiharibika, ibadilishwe.

Yote hayo yakiwa sawa, ikague solenoidi. Mwenzako azungushe ufunguo huku akikanyaga breki. Ikiwa waya mwembamba unaipelekea volti 12 nayo haitoi mlio, imekufa. Ikitoa mlio lakini umeme usifike upande wa stata, vigusio vya ndani vimeungua. Umeme ukifika kwenye stata bila kitu kuzunguka, lawama ni ya stata au ya injini.

Usiunganishe ncha za solenoidi kwa bisibisi. Hila hiyo huzipita swichi zote za usalama, na cheche zake zaweza kulipua gesi inayotoka kwenye betri.

Mwisho, toa ufunguo na plagi, kisha zungusha injini kwa mkono. Isiposogea, imekwama kwa kutu au kwa kukosa oili, na hiyo ni kazi ya karakana. Ikizunguka na petroli ikarushwa kupitia tundu la plagi, kabureta imevujisha mafuta hadi ndani ya silinda. Itengenezwe, na oili ibadilishwe kabla ya kuwasha, kwani oili iliyochanganyika na petroli huharibu injini. Ikiwa stata huizungusha nusu tu kisha ikakwama, mruhusu fundi apime nafasi za vali.

Utaratibu huu una faida kwa mfuko. Kusugua ncha hakugharimu kitu na fyuzi ni bei ndogo, ilhali stata ni ghali. Anayeanza na stata huenda akainunua, akaifunga, kisha akagundua kuwa kilichohitajika ni msasa tu. Nacho kitrekta kinachokaa bila kazi kichajiwe betri kila mwezi, au waya wa ncha hasi uchomolewe, ili masika yajayo yasikikute kimezimia.