Marubani wa Kilwa na Ruhusa ya Kuvuka Bahari

Machi 1498, merikebu za Vasco da Gama zikiwa zimetia nanga Kisiwa cha Msumbiji, mwanamume mmoja alipanda chomboni na mwanawe mdogo, akaomba achukuliwe. Kwao ni jirani na Makka. Alifika pwani hii akiwa rubani wa jahazi la huko kwao, na sasa alitaka kurudi. Mreno aliyeandika habari za safari ile hakutaja jina lake, ila katika mistari hiyo michache ametuachia kumbukumbu adimu ya rubani aliyefuata riziki ng'ambo.

Kwa marubani wa zama zile, kazi yenyewe ilikuwa ng'ambo. Dhahabu ya Sofala ilipitia Kilwa Kisiwani kabla ya kupanda kuelekea Uarabuni, Ghuba na Bara Hindi, na mji ukatajirika hata msafiri Ibn Battuta, aliyefika mwaka 1331, akauhesabu miongoni mwa miji mizuri. Vyombo vilishuka na kaskazi, vikapanda na kusi. Aliyekosa majira alibaki ugenini hadi upepo ugeuke.

Ujuzi wao haukuwa wa kubahatisha. Kilwa iko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta, na Jaa, nyota ya kaskazini iliyotumiwa na mabaharia wa Uarabuni kupima safari zao, huku haionekani kabisa. Rubani alilazimika kujua nyota nyingine, rangi ya maji, na miamba inayozunguka kisiwa cha Songo Mnara. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar huko Ghuba, alitunga shairi refu juu ya njia ya Sofala. Wengi bado husimulia kwamba ndiye aliyemfikisha da Gama India, lakini Wareno wenyewe waliandika kuwa rubani waliyempata Malindi alikuwa Mgujarati. Ukweli huo una thamani kuliko hadithi. Msumbiji palikuwa na rubani kutoka upande wa Makka, Malindi kulikuwa na Mgujarati: ajira hii ilikuwa wazi kwa watu wa bahari nzima.

Msumbiji, da Gama aliajiri marubani wawili. Kila mmoja alipewa mithqali 30 za dhahabu na mavazi mawili, kwa sharti kwamba mmoja akishuka pwani, mwenzake abaki chomboni. Ujira ulikuwa mnono, lakini sharti lile lilimfanya kila mmoja kuwa rehani ya mwenziwe. Haikupita muda, rubani mmoja akachapwa viboko kwa madai kwamba amedanganya, amesema visiwa ni bara. Kisiwa kimoja Wareno wakakiita Kisiwa cha Aliyechapwa. Tarehe 4 Aprili walihangaika kutwa nzima kuifikia Kilwa, upepo ukawashinda, wakapitiliza. Walipofika Mombasa, marubani wa Msumbiji walijitosa majini, wakaopolewa na mashua.

Kilwa ilinusurika kwa miaka michache tu. Mreno mwingine, Pedro Álvares Cabral, alifika mwaka 1500, akaondoka bila mapatano na Amir Ibrahim aliyetawala mji. Mwaka 1502 da Gama alirudi na mizinga, akadai kodi. Julai 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji na kujenga ngome, ambayo Wareno waliiacha mwaka 1512.

Kilichodumu kuliko ngome hiyo ni karatasi. Katika karne ile Wareno walidai kila chombo cha biashara katika Bahari ya Hindi kiwe na kartazi, cheti kilichoandikwa jina la nahodha, ukubwa wa chombo, mabaharia na silaha zake. Chombo kisicho nacho kilitekwa pamoja na shehena. Mwenye kuijua bahari sasa alimwomba ruhusa ya kuipita mgeni aliyeoneshwa njia na marubani wa bahari hiyohiyo. Ni dhuluma, na haifai kuitwa jina jingine.

Karatasi iliyofuata ilikuja na nia tofauti. Katika karne ya 19 Kilwa Kivinje, upande wa bara, ilikuwa bandari kubwa ya kusafirishia watumwa, na Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890 ulikusudia kuikomesha biashara hiyo. Majahazi yalitakiwa kuwa na hati ya bendera, orodha ya mabaharia na orodha ya abiria. Orodha ya mabaharia iliidhinishwa na ofisa kabla ya kutweka, na Mwafrika hakuweza kuandikwa baharia kabla ya kuhojiwa, ithibitike kwamba ameingia kazini kwa hiari. Lengo lilikuwa la haki. Hata hivyo, baharia huru wa Kilwa au Lindi alijikuta mbele ya meza ya ofisa akithibitisha uhuru wake, na yeyote aliyewahi kuhojiwa ubalozini anaujua uzito wa meza hiyo.

Marubani walipohamia angani, karatasi ziliwafuata. Mwaka 1944 Mkataba wa Chicago uliweka misingi ya nchi kutambuliana leseni za marubani wa ndege. Leo kijana wa Lindi anayetaka kurusha ndege Ghuba huanza na leseni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, cheti cha afya cha daraja la kwanza, na Kiingereza kisichopungua kiwango cha 4. Kwa kawaida mwajiri ndiye humwombea viza ya kazi, kwa hiyo ajira hutangulia, viza ikafuata. Na mamlaka ya anga ya nchi anakokwenda huipitia leseni yake kabla hajakabidhiwa ndege. Kikwazo kikubwa ni saa za kuruka, kwani leseni ya juu ya rubani wa mashirika hudai saa 1,500. Marubani wengi wa Tanzania huzikusanya kwenye ndege ndogo kama Cessna Caravan, wakitua katika viwanja vidogo vya aina ya Kilwa Masoko na Songosongo.