KIPIMO KISICHO MALI YA MTU



Leo twataka kuzungumza nanyi juu ya vipimo, yaani jinsi wanadamu walivyotafuta kipimo kisichotegemea mkono wa mtu, wala amri ya mfalme, wala chuma kilichofungiwa kabatini. Habari hii ilianza sokoni, ikapanda hata kwa wataalamu wa fizikia, kisha ikarudi sokoni.

Wazee wetu walipima kwa miili yao. Shibiri 2 ni mkono 1. Mikono 2 ni wari 1. Wari 2 ni pima 1, yaani urefu wa mikono yote miwili ikinyoshwa. Nafaka ilipimwa kwa kibaba, na vibaba 4 ni pishi 1. Pembe za ndovu zilipimwa kwa frasila, ambayo ni ratili 35 hivi. Misafara iliyopita katika nchi yetu ya Songea, baina ya Kilwa na Ziwa Nyasa, ilikuja na vipimo vya pwani pamoja na nguo na shanga.

Lakini nguo ikipimwa kwa mkono, ni mkono wa nani? Auzaye hupenda mkono mfupi, anunuaye hupenda mkono mrefu. Hapo ndipo penye asili ya ugomvi, maana kipimo kilikuwa mali ya mwenye kupima.

Ulaya nako mambo yalikuwa hivyo hivyo. Katika Ufaransa, kabla ya mapinduzi ya mwaka 1789, mji huu ulikuwa na vipimo vyake na mji ule vyake, na mkulima hakujua atapunjwa wapi. Basi mwaka 1791 wataalamu wa Paris wakakata shauri kuiacha miili ya watu na kuupima mwili wa dunia yenyewe. Meta iwe sehemu moja katika sehemu 10,000,000 za umbali kutoka ncha ya kaskazini hata ikweta. Delambre na Méchain wakatumwa mwaka 1792 kupima nchi kutoka Dunkerque hata Barcelona. Kazi hiyo iliwachukua miaka sita na zaidi, katikati ya vita na mashaka mengi.

Mwaka 1799 meta ikafanywa fimbo ya platini. Hata hivyo, hesabu zilizofuata zilionyesha kwamba fimbo ile ilipungua kidogo, kiasi cha sehemu ya tano ya milimeta. Fimbo haikubadilishwa ilingane na dunia. Kwa hiyo meta ilirudi kuwa kipande cha madini, na mwaka 1889 kilo nayo ikawa kipande cha platini na iridiamu, kilichohifadhiwa karibu na Paris.

Hata kabla ya hapo watu wengine walikuwa wameanza kuuliza: Je, dunia ikipoa na kusinyaa, au kipande cha madini kikipotea, meta na kilo zitakuwa wapi? James Clerk Maxwell aliwaambia wataalamu wenzake mjini Liverpool mwaka 1870 kwamba atakaye kipimo cha kudumu asikitafute katika ukubwa wa dunia, bali katika chembe ndogo za vitu, ambazo za namna moja hulingana zote popote zilipo.

Mwaka 1874, mjini Belfast, George Johnstone Stoney wa Ireland alikwenda mbele zaidi. Alisema maumbile yenyewe yanatupa viasi vitatu: mwendo wa nuru, nguvu ya mvutano aliyoieleza Newton, na kiasi kidogo cha umeme kisichogawanyika. Kiasi hicho cha umeme ndicho alichokiita elektroni mwaka 1891. Kutokana na viasi hivyo vitatu akapata kipimo cha urefu, cha wakati na cha uzito, pasipo kumwuliza mfalme yeyote.

Pengine mtauliza, yawezekanaje? Fikirini mfano huu. Ukiambiwa jumla ya bei ya jembe na shoka, na ya shoka na panga, na ya panga na jembe, waweza kwa hesabu kupata bei ya kila kimoja. Vivyo hivyo mwendo wa nuru hufunga urefu na wakati pamoja. Mvutano hufunga urefu, wakati na uzito. Na kiasi cha tatu nacho huyafunga hayo kwa namna yake. Mambo ni matatu na vifungo ni vitatu, basi jibu hupatikana.

Mwaka 1899, Max Planck wa Berlin alikuwa akichunguza jinsi vitu vya moto vinavyotoa nuru. Akapata kiasi kipya kabisa, ambacho leo chaitwa kwa jina lake. Akakiunganisha na mwendo wa nuru na mvutano, pamoja na kiasi kingine kihusucho joto, akapata vipimo vya urefu, uzito, wakati na joto. Alisema vipimo hivyo vitakuwa na maana nyakati zote, hata kwa viumbe wasio wanadamu, kama wako.

Vipimo hivyo havifai dukani. Urefu wa Planck katika meta huandikwa sifuri na nukta, kisha sifuri 34, ndipo ifuate 16. Uzito wake ni kama sehemu 2 za gramu moja iliyogawanywa mara 100,000. Hata hivyo wazo lenyewe halikupotea. Ilionekana kwamba kile kipande cha mwaka 1889 na nakala zake vimeachana kwa mikrogramu 50 hivi katika miaka 100. Kwa sababu hiyo, tangu tarehe 20 Mei 2019, kilo haitegemei tena kipande cha madini, bali kiasi cha Planck. Nayo meta, tangu mwaka 1983, yategemea mwendo wa nuru, meta 299,792,458 kwa sekunde.

Basi, ndugu zetu, kilo iliyo katika mizani ya soko la Songea sasa si ya Paris wala ya tajiri. Ni ya maumbile, nayo ni moja kwa wote. Lakini twaona kila mavuno gunia la mahindi likishonewa kichwa juu, ile lumbesa ambayo sheria ya vipimo yaikataza, na mkulima akilipwa kama kwamba gunia ni moja tu. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Nasi twaongeza kwamba haba na haba hiyo hiyo humwondolea mkulima karo ya mtoto wake. Wataalamu walitumia zaidi ya miaka 200 kukiondoa kipimo katika mkono wa mtu. Sisi tusikirudishe huko kwa kunyamaza. Gunia na liwekwe juu ya mizani, namba isomwe kwa sauti, na muuzaji na mnunuzi waione wote wawili.