Chumvi na Kiswahili katika Merikebu ya Anga

Lugha ni msafiri asiyechoka. Waisemao huzeeka na kufa, lakini yenyewe huendelea na mwendo wake, ikapokewa na watu wasiojua ilikotoka. Kiswahili cha Mrima kilitoka Bagamoyo, Saadani na Pangani kwa miguu, pamoja na wapagazi waliochukua nguo na shanga kwenda Tabora na Ujiji wakarudi na pembe za ndovu. Tarehe 8 Septemba, 1966, kilisikika mahali ambapo mpagazi hakupata kufika: ndani ya merikebu ya anga, katika mchezo wa televisheni wa Marekani uitwao Star Trek. Kisa cha usiku ule, The Man Trap, yaani Mtego wa Mtu, ndicho kilichofungua mfululizo huo mbele ya watazamaji wa Marekani.

Kisa hicho hakina sifa kubwa. Wapenzi wa mfululizo husifu zaidi visa vingine, hasa The City on the Edge of Forever cha mwaka 1967, kilichopata tuzo ya Hugo. Mtego wa Mtu hutajwa kwa kuwa kilitangulia, na kwa kuwa ndani yake mna zimwi, kisha husahauliwa. Hukumu hiyo ni nyepesi mno kwa watu wa Mrima, ambao wana sababu ya pekee ya kukisikiliza tena.

Kisa kilitungwa na George Clayton Johnson. Merikebu iitwayo Enterprise yafika katika sayari iliyo ukiwa, anamokaa mtaalamu wa mambo ya kale, Robert Crater, pamoja na mkewe Nancy. Mtu huyu hataki kitu kwa wageni wake ila chumvi. Punde mabaharia waanza kufa, na miili yao yaonekana imefyonzwa chumvi yote. Kumbe Nancy alikwisha kufa, na aliye mahali pake ni kiumbe wa sayari ile, wa mwisho wa jamii yake, ambaye chakula chake ni chumvi na silaha yake ni kujigeuza sura. Daktari McCoy, aliyempenda Nancy zamani, amwona bado kijana. Mwingine amwona mwanamke tofauti kabisa. Kiumbe huyo aingia merikebuni, akakutana na Luteni Uhura, mwanamke mweusi mwenye kazi ya mawasiliano. Mara ajigeuza mwanamume mweusi mwenye haiba, akamsemesha maneno machache ya Kiswahili. Uhura avutwa na sauti ile. Lau hakuitwa kazini wakati ule, pengine angalikufa.

Tukio hilo ni fupi, na mtazamaji wa haraka aweza kulipita. Lakini lina historia ndefu nyuma yake. Nichelle Nichols, aliyeigiza Uhura, alisimulia kuwa siku alipokwenda kujaribiwa alichukua kitabu cha Robert Ruark kiitwacho Uhuru, kilichotolewa mwaka 1962 na kinachohusu Kenya. Neno hilo likampendeza Gene Roddenberry, mwanzilishi wa mchezo, likageuzwa kidogo kuwa jina la mtu. Wakati ule ule watu weusi wa Marekani walikuwa wakikitafuta Kiswahili kwa haja zao wenyewe. Tarehe 26 Desemba, 1966, katika mji wa Los Angeles, ambako mchezo ule ulikuwa ukipigwa picha, Kwanzaa ilisherehekewa mara ya kwanza, na nguzo zake saba zikapewa majina ya Kiswahili, miongoni mwao umoja, ujamaa na imani. Babu za wengi wa watu hao walichukuliwa kutoka pwani ya magharibi, si kutoka Mrima. Walikichagua Kiswahili kwa hiari, kama mtu achaguavyo ndugu.

Kwa hiyo mchezo ulikipa Kiswahili kazi ya kuwa lugha ya kwao, lugha ya moyo wa mtu aliye mbali na nyumbani. Kiumbe yule asoma shauku iliyomo ndani ya Uhura, akakuta humo sura ya mtu na lugha yake. Dhana hiyo ina uzuri, lakini historia ya Bagamoyo yaonyesha upande wa pili. Katika mji ule Kiswahili hakikuwa lugha ya nyumbani peke yake. Kilikuwa lugha ya wasiojuana. Mnyamwezi aliyeshuka na pembe, Mhindi aliyetoa mali kwa mkopo, Mwarabu aliyeongoza msafara, Mzaramo aliyeuza chakula na padre wa Kifaransa wa misioni iliyoanzishwa mwaka 1868 walikutana katika lugha hiyo, na kila mmoja alikuwa na nyingine ya kusemea na mama yake. Mwili wa Livingstone ulipofika Bagamoyo mwezi wa Februari, 1874, Chuma na Susi walioongoza wachukuzi hawakuwa watu wa mji huo. Chuma alitoka upande wa Nyasa na Susi alitoka Shupanga, karibu na mto Zambezi.

Ikiwa ndivyo, mwenye kukitumia Kiswahili ipasavyo katika kisa kile si Uhura bali ni kiumbe yule mgeni. Afanya walivyofanya wageni wote wa Mrima: ajifunza neno la mwenyeji ili mlango ufunguliwe. Msomaji wa Pwani aweza kuudhika kuona lugha yake imetiwa katika kinywa cha zimwi. Hata hivyo hadithi za bibi zake zilikwisha kumfunza kuwa zimwi halina budi kuja na sura nzuri na maneno matamu, ama sivyo lisingalipata mchumba. Methali nayo husema kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hiyo ni faraja, lakini kisa kile chaihoji, kwa kuwa zimwi lijualo moyo wa mtu ndilo lipatalo nafasi ya kumkaribia.

Mambo yaliyopita katika pwani hiyo yanatoa ushahidi. Mwezi wa Novemba, 1884, Carl Peters alishika njia kutoka Saadani kwenda bara na karatasi za mikataba ya urafiki. Wakuu wa Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami walitia alama zao chini ya maneno ya Kijerumani wasiyoweza kuyasoma. Mwaka uliofuata urafiki huo ulipata hati ya Kaisari, na mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipotaka kuitawala miji ya pwani na kutweka bendera yake, vita vilizuka toka Pangani hadi Bagamoyo na kwingineko. Bushiri bin Salim alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba, 1889. Bwana Heri wa Saadani alifanya suluhu mwaka 1890. Sura ya rafiki ilikuwa imevuliwa, na waliokuwa wameiamini walilipa.

Lakini ingalikuwa makosa kufunga shauri hapo, kwani kisa chenyewe hakifungi hapo. Merikebuni lafanyika baraza kuamua la kufanya. Kiumbe, akiwa amevaa sura ya daktari, aketi miongoni mwa waamuzi na kujitetea bila wao kujua: apewe chumvi pasipo hila, naye hatakuwa na haja ya kushambulia. Crater, aliyekaa naye na kumlisha, amfananisha na nyati wa Marekani waliouawa mpaka karibu ya kwisha. Nahodha Kirk, ambaye watu wake wamekufa, akataa. Mwishowe daktari mwenyewe ampiga risasi ya nuru yule mwenye uso wa mwanamke aliyempenda, na nahodha abaki akiwafikiri nyati.

Shauri lililokataliwa barazani lilikuwa desturi ya kila siku katika njia za Bagamoyo. Msafara haukupita katika nchi ya mtu bila ya hongo. Mkuu alitaja haja yake, kiongozi wa msafara alilia umaskini, siku zikapita katika kubishana, na mwisho nguo zilihesabiwa na njia ikafunguliwa. Nguo hizo aghalabu zilikuwa merikani, pamba ya viwanda vya Massachusetts, iliyoletwa na wafanyabiashara ambao nchi yao ilifanya mkataba na Sayyid Said mwaka 1833. Hongo haikuwafanya watu kupendana, wala haikuzuia vita kila mara. Lakini ilikubali kwamba mgeni na mwenyeji wote wana haja, na kwamba haja yaweza kutajwa na kupimwa. Kiswahili kilikuwa chombo cha mapatano hayo. Merikebu ya anga ilikuwa na lugha hiyo hiyo ndani yake, ikasemwa kwa mapenzi na kwa hila, isisemwe kwa mapatano.

Wala haja iliyotajwa haikuwa kubwa. Mswahili akitaka kusema kwamba mtu ameishi miaka mingi husema kuwa amekula chumvi nyingi. Uhai na chumvi ni hesabu moja. Katika Nunge, kaskazini ya mji wa Bagamoyo, maji ya bahari huachwa juani hata yakauke, na chumvi hukusanywa kwa majembe. Kitu ambacho kiumbe yule aliua kwa ajili yake, na kuuawa kwa kukikosa, watu wa pwani hukivuna kwa jua na subira.

Mwaka mmoja baadaye, tarehe 29 Septemba, 1967, mfululizo ulikirudia Kiswahili katika kisa cha The Changeling. Uhura amepotewa na elimu yake yote, afundishwa kusoma upya kama mtoto, na anapokwama katika Kiingereza hukimbilia Kiswahili. Mwaka huo huo Tanzania iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Hapo pia lugha yaonekana kama hazina ya mwisho ya moyo, na hapana ubaya. Ila picha ya kwanza ina ukweli mgumu zaidi, maana yaonyesha lugha ikiwa katikati ya watu wawili wasioaminiana.

Usiku ule wa mwaka 1966 hapana mtu wa Bagamoyo aliyeweza kukitazama kisa kile nyumbani kwake. Tanzania Bara haikupata televisheni mpaka mwaka 1994. Leo chaweza kutazamwa na atakaye. Akitazamapo, na alisikilize ombi lililotolewa barazani kwa sura ya kuazima, kwa maana babu zake wa Mrima wangalimwuliza mwombaji swali moja kabla ya kushika silaha: chumvi kiasi gani?