Maghala Yamejaa, Watu Wana Njaa

Mwaka 1948 Umoja wa Mataifa ulikitaja chakula katika Ibara ya 25 ya Tamko la Haki za Binadamu, na Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiuchumi, Kijamii na Kiutamaduni wa 1966 ukatambua katika Ibara ya 11 kwamba kutokuwa na njaa ni haki ya msingi ya kila mtu. Serikali nyingi zilitia saini kisha zikaendelea na shughuli zao. Haki hii ilipata meno baadaye, mahakamani, na katika nchi ambayo katiba yake haiitaji kabisa.

Aprili 2001, wakati ukame umelikaba jimbo la Rajasthan, watetezi wa haki za raia waliifikisha serikali ya India mbele ya Mahakama ya Juu. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleza na ngumu kujibu: maghala ya taifa yana zaidi ya tani milioni 40 za nafaka, kwa nini watu wafe njaa? Ibara ya 47 ya katiba ya India inaiagiza serikali kuinua lishe ya watu, lakini imo katika sehemu ambayo mahakama haiwezi kuitekeleza. Basi mawakili wakapitia Ibara ya 21, haki ya kuishi, nayo mahakama ikawasikiliza. Tarehe 28 Novemba 2001 iliamuru kila mtoto wa shule ya msingi ya serikali apewe chakula cha mchana kilichopikwa, chenye kalori zisizopungua 300, kwa siku zisizopungua 200 kwa mwaka.

Wapo wanaosema majaji hawalimi, na nchi maskini haiwezi kuamriwa kutoa isichokuwa nacho. Lakini India haikuamriwa kulima; iliamriwa kufungua ghala. Mchumi Amartya Sen alikwisha kuonyesha mwaka 1981, akichambua njaa ya Bengal ya 1943, kwamba watu hufa chakula kikiwepo, kwa kukosa njia halali ya kukipata. Kenya imelijibu pingamizi hilo ndani ya Katiba ya 2010: Ibara ya 43 inatoa haki ya chakula, na Ibara ya 20 inaitwika serikali inayodai haina uwezo mzigo wa kuthibitisha hivyo. Pingamizi zito zaidi ni utekelezaji. Majimbo kadhaa ya India yaliburuta miguu kwa miaka, na sheria kamili ya usalama wa chakula ilipatikana 2013 tu. Ni kweli, ila bila amri ile yasingekuwa na lolote la kuchelewesha.

Katiba ya Tanzania ya 1977 nayo haitaji haki ya chakula, na Ibara ya 7 inazizuia mahakama kugusa malengo ya taifa. Hata hivyo Ibara ya 14 inampa kila mtu haki ya kuishi na pia ya kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake. Kwa maandishi hayo, wakili wa Dar es Salaam ana msingi mpana kuliko aliokuwa nao mwenzake wa New Delhi mwaka 2001.