Kutoka Karakana hadi Barabara Kuu: Historia ya Vitimwendo na Suala la Usalama wa Vyombo vya Umeme Nesitu, Juba

Ikisiri
Makala haya yanafuatilia historia ya vitimwendo na vyombo vya usafiri vya watu wenye ulemavu, kuanzia chimbuko la chombo chenye mota katika nchi za viwanda hadi karakana za Afrika Mashariki na huduma za urekebishaji zilizohama kutoka Lokichoggio kwenda Juba. Yanajenga hoja kwamba usalama wa mtumiaji haukuwahi kuletwa na chombo peke yake, bali na mnyororo wa huduma unaokizunguka: upimaji, mafunzo, matengenezo, nishati, barabara na sheria. Nesitu, makazi yaliyo kwenye barabara kuu ya Juba–Nimule, inatumika kuonyesha kinachoweza kutokea chombo kinapotangulia huduma.
Maneno muhimu: kitimwendo, usalama, urekebishaji, Nesitu, Sudani Kusini

1.0 Utangulizi
Barabara ya Juba–Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, ilikamilika kutiwa lami mwaka 2012 kwa ufadhili wa Marekani. Ndiyo barabara kuu ya kwanza ya lami kuunganisha Juba na mpaka wa Uganda, na sehemu kubwa ya chakula, saruji na mafuta yanayotumika jijini hupita humo. Kwa wakazi wa Nesitu, kusini-mashariki mwa Juba, lami ilileta soko na usafiri wa haraka. Ilileta pia malori mazito yaendayo kasi katika njia ambayo watu wa kando yake huitumia kwa miguu, kwa baiskeli na kwa bodaboda.

Eneo hilo lina historia ndefu ya majeraha. Vita vya mwaka 1983 hadi 2005 viliacha mabomu ya ardhini kandokando ya barabara, na ilibidi yateguliwe kabla ya ujenzi. Polio, majeraha ya risasi na ajali za barabarani vimeongeza idadi ya watu wasioweza kutembea bila msaada. Ibara ya 30 ya Katiba ya Mpito ya mwaka 2011 inatambua haki za watu wenye mahitaji maalumu. Hata hivyo, haki ya kutoka nyumbani haikamiliki iwapo kutoka kwenyewe kunahatarisha maisha. Swali hilo ndilo linaloibuka kila vitimwendo vya umeme na skuta vinapofikiriwa kuwa jibu la umbali mrefu na joto kali.

2.0 Chombo chenye mota na funzo la nchi za viwanda
Kitimwendo cha kukunjwa kilichoundwa na Herbert Everest na Harry Jennings nchini Marekani mwaka 1933 kilimwezesha mtumiaji kusafiri na kiti chake ndani ya gari. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mhandisi George Klein wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada aliunda kiti cha umeme kwa ajili ya askari waliopooza mikono na miguu. Mwaka 1968, Allan Thieme wa Michigan alibuni skuta ya walemavu kwa ajili ya ndugu wa familia yake. Vyombo hivi vilizaliwa mahali penye sakafu laini, njia za waenda kwa miguu na umeme wa uhakika ukutani. Mazingira hayo yalikuwa sehemu ya muundo wake, ingawa hayakuandikwa popote katika michoro.

Hata huko, makosa yalitokea. Kuanzia mwaka 1948, serikali ya Uingereza iligawa bure magari madogo ya magurudumu matatu kwa watu wenye ulemavu. Yalikuwa mepesi, ya kiti kimoja, na yaliyumbishwa na upepo. Malalamiko ya watumiaji kuhusu kupinduka na kuungua yalidumu kwa miaka mingi. Mwaka 1976 serikali ilianza kuyaondoa na kutoa posho ya usafiri badala yake, na tarehe 31 Machi 2003 yalipigwa marufuku barabarani. Kwa vitimwendo vya umeme na skuta, kanuni za mwaka 1988 ziliweka mwendo usiozidi maili 4 kwa saa (takriban kilomita 6.4) kwenye njia za waenda kwa miguu, na maili 8 (takriban kilomita 12.9) barabarani kwa vyombo vya daraja la juu. Funzo lililopo ni kwamba ugawaji ulianza kwanza, kanuni zikafuata baada ya miongo kadhaa, na pengo hilo lililipiwa na watumiaji.

3.0 Njia ya karakana Afrika Mashariki
Afrika Mashariki ilipita njia tofauti. Chama cha Watu Wenye Ulemavu wa Viungo cha Kenya (APDK), kilichoanzishwa mwaka 1958, kilijenga huduma na karakana zinazounda na kukarabati vitimwendo nchini. Huko Moshi, chuo cha TATCOT kilianzishwa mwaka 1981 katika eneo la hospitali ya KCMC ili kufunza mafundi wa viungo bandia, na baadaye kwa ushirikiano na shirika la Motivation kikafunza pia mafundi wa vitimwendo kutoka nchi nyingi za Afrika. Mhandisi Ralf Hotchkiss wa Marekani, ambaye mwenyewe anatumia kitimwendo, alieneza wazo kwamba kiti cha nchi maskini kiundwe kwa mabomba ya chuma na beringi zinazopatikana katika soko la karibu, ili fundi wa baiskeli aweze kukitengeneza.

Sambamba na karakana hizo ilienea baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono. Katika mpaka wa Busia kati ya Kenya na Uganda, na ule wa Goma na Gisenyi, watu wenye ulemavu waliigeuza kuwa chombo cha biashara, wakivusha mizigo mizito kuliko miili yao. Chombo kilichobuniwa kumbeba mtu mmoja kilibeba magunia, breki zikazidiwa, na mteremko ukawa hatari. Hivyo mtumiaji ndiye anayeamua matumizi halisi ya chombo, akiongozwa na mahitaji ya riziki. Mpango wa usalama usiozingatia riziki hiyo hauwezi kufuatwa.

Mwaka 2008, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa utoaji wa vitimwendo vya kusukumwa kwa mikono katika mazingira yenye rasilimali chache. Mwongozo huo ulitaja hatua nane, kuanzia rufaa na upimaji hadi mafunzo ya mtumiaji, matengenezo na ufuatiliaji. Kukabidhi kiti ni sehemu tu ya hatua hizo. Jambo la kuzingatia ni kwamba hatua hizo zote zilionekana za lazima kwa chombo kisicho na mota wala betri.

4.0 Kutoka Lokichoggio hadi Juba
Kwa watu wa Sudani Kusini, huduma ya urekebishaji ilianzia nje ya mipaka. Hospitali ya Lopiding huko Lokichoggio, kaskazini mwa Kenya, iliendeshwa na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu tangu mwaka 1987, ikipokea majeruhi waliosafirishwa kwa ndege. Humo waliokatwa viungo walipata miguu bandia, na wengine vitimwendo. Baada ya mkataba wa amani wa 2005, hospitali hiyo ilikabidhiwa kwa serikali ya Kenya mwaka 2006, na kazi ya urekebishaji ikajengwa upya Juba, katika kituo kinachoungwa mkono na Kamati hiyohiyo.

Uhamisho huo ulikuwa na maana kubwa. Mgonjwa wa Lopiding alirudi nyumbani na chombo, lakini fundi alibaki ng'ambo ya mpaka. Kuwapo kwa kituo Juba kulimsogeza fundi karibu. Hata hivyo, kati ya Juba na makazi ya nje kama Nesitu bado kuna nauli, mvua, usalama mdogo wa njiani na magari ya abiria yasiyo na nafasi ya kiti.

5.0 Nesitu: barabara, betri na mwili
Hatari ya kwanza ni barabara. Sudani Kusini huendesha upande wa kulia ilhali Uganda na Kenya huendesha upande wa kushoto, hivyo madereva wengi wa malori hubadili upande wanapovuka Nimule. Mtu aliyeketi kwenye kitimwendo yuko chini ya usawa wa macho ya dereva. Bila bendera ndefu, viakisi mwanga na taa, haonekani jioni wala katika vumbi. Nje ya lami, udongo wa msimu wa mvua hunasa magurudumu madogo yaliyobuniwa kwa sakafu.

Ya pili ni uzito. Kiti cha kusukumwa huweza kuinuliwa na watu wawili kuvuka mtaro. Cha umeme pamoja na betri zake mara nyingi huzidi uzito wa mtumiaji. Wasaidizi wakifungua wenzo wa mota ili wakisukume, breki yake huachia, na kwenye mteremko kiti hukimbia na mtu wake.

Ya tatu ni nishati. Mwaka 2020 ulitangazwa mpango wa kituo cha umeme wa jua cha megawati 20 karibu na Nesitu. Lakini kituo kikubwa na umeme wa nyumbani ni mambo mawili. Mwenye paneli ndogo hupata umeme mchana, saa zilezile anazokihitaji kiti. Betri ya risasi na asidi inayoachwa tupu mara kwa mara hufa mapema, na chaja isiyolingana na betri huweza kusababisha moto. Wakati wa kuchaji, betri hiyo hutoa gesi ya hidrojeni inayoshika moto kwa urahisi. Ndani ya nyumba iliyoezekwa kwa nyasi, karibu na jiko la mkaa, hilo si jambo dogo.

Ya nne ni mwili wenyewe. Asiyehisi miguu au makalio hapati onyo la kidonda wala la mguu ulioteleza chini ya gurudumu. Mto unaofaa, mkanda na mazoezi ya kuhama kutoka kitini mota ikiwa imezimwa ni mambo ya usalama sawa na breki.

6.0 Hitimisho
Historia hii haisemi kwamba vyombo vya umeme visifike Nesitu. Asiye na nguvu za mikono hana mbadala, na kumnyima kwa jina la usalama ni kumfungia nyumbani. Inachoonyesha ni mpangilio wa hatua. Uingereza ilitanguliza chombo, na ilichukua zaidi ya nusu karne kumaliza kosa hilo. Moshi na Nairobi zilitanguliza fundi, na chombo kikapata pa kurudi kinapoharibika.

Kwa washauri wa sera, mambo manne yanafuata. Kwanza, msaada wowote wa vyombo vya umeme uambatane na bajeti ya betri, vipuri na fundi aliye karibu. Pili, mtumiaji na mlezi wake wafunzwe katika njia watakayoitumia hasa, si uani mwa kituo pekee. Tatu, matengenezo ya barabara kuu yajumuishe njia ya kando na vivuko katika makazi. Nne, kanuni za usalama barabarani zimtaje mtumiaji wa kitimwendo, chombo chake na mwendo wake. Hadi mambo hayo yatakapopatikana, kiti cha kusukumwa kilichopimwa vizuri na baiskeli imara ya magurudumu matatu huenda vikampeleka mkazi wa Nesitu sokoni na kumrudisha salama kuliko mota isiyo na fundi.